Friji Halipozi? Gesi Iache Kwanza

Kuanzia Novemba, kaskazi ikishaanza na Mtwara mjini kukawa hakulaliki bila feni, simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, njoo na gesi, friji limeishiwa." Mwenye simu hajasema friji linafanya nini. Liko kimya? Linaunguruma halafu linakata? Juu linagandisha na chini maziwa yanachacha? Hayo hayapo, hukumu imeshatolewa. Na niseme ukweli, sisi mafundi ndio tuliowafundisha wateja hukumu hiyo, kwa sababu kujaza gesi ni kazi ambayo mwenye friji haioni, haipimi, na hawezi kubishana nayo.

Huku kwetu neno lenyewe lina kazi nyingi. Ipo gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikizungusha mitambo ya umeme hapa mjini. Ipo gesi ya mtungi wa kupikia. Halafu ipo hii ya ndani ya friji. Mbili za kwanza huchomwa, kwa hiyo lazima ziishe. Ya friji haichomwi. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa na inazunguka humo humo. Friji likiwa zima, gesi iliyotiwa kiwandani huweza kukaa hadi friji lenyewe linazeeka. Fundi akikwambia imeisha, anachokwambia kwa kweli ni kwamba mahali fulani pametoboka, na asipokuonyesha ni wapi bado hajakwambia kitu.

Lakini mara nyingi haijaisha. Ili uone kwa nini, shika jambo moja: friji halitengenezi ubaridi. Linatoa joto. Aliyewahi kupanda mtumbwi mkuukuu kwenda Msangamkuu amekwishaona friji linavyofanya kazi. Maji yanaingia taratibu kwenye nyufa, na mtu mmoja amekaa na upo, kile chombo cha kuchotea maji mtumbwini, anayafua na kuyamwaga nje. Joto ndilo maji hayo. Linaingia kwenye friji saa zote, kupitia kuta, mlango na chakula unachoweka. Kompresa, ile mashine nyeusi ya chini nyuma, ndiyo mwenye upo. Inaikandamiza gesi hadi inakuwa ya moto, inaipeleka kwenye wavu wa nyuma ambako inaliachia joto lake kwa hewa ya jikoni na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenya kwenye mrija mwembamba sana, shinikizo linaanguka ghafla, na kikifika upande wa kugandishia kinachemka kikiwa chini ya nyuzi sifuri, kinanyonya joto la samaki wako, kinarudi kwa kompresa kikiwa gesi tena.

Mtumbwi ukijaa maji, basi ama nyufa zimeongezeka, ama mwenye upo hana pa kumwagia, ama hafui. Friji lisilopoza ni hivyo hivyo, na kukagua nyufa hakuna gharama. Kwa hiyo tuanzie huko.

Mlango kwanza. Chukua noti ya shilingi elfu moja, ibane kati ya mpira wa mlango na bodi, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo hewa ya jikoni inaingia. Zungusha mlango mzima, juu, pembeni, na hasa kona za chini, maana huko ndiko mpira huchoka na ndiko mabaki ya juisi hugandia. Mara nyingi mpira haujafa, ni mchafu tu: uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe, ujaribu noti tena. Ukiwa umejikunja, ukande kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, uunyooshe, kisha ufunge mlango na kuuacha saa kadhaa. Angalia pia kama friji limeinamia mbele. Likiinuliwa miguu ya mbele kidogo, mlango hujirudia wenyewe hata mtoto akiusahau.

Kwa nini nakazania mlango? Kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Hewa inayopenya haileti joto peke yake, inaleta na maji, na maji hayo huenda kuganda kwenye sehemu ya kugandishia. Ganda la barafu likinenepa linakuwa kama blanketi: friji linahangaika, chakula hakipati baridi. Watu wakiliona ganda hilo husema friji "lina nguvu mno." Kinyume chake. Likifika unene wa kidole, zima friji, acha liyeyuke. Kisu kiweke mbali, nitarudi kwake.

Taa nayo. Zipo taa za ndani ambazo hazizimiki mlango ukifungwa, kwa sababu swichi ya mlango imekwama, na ile balbu ya zamani ya wati 15 ni jiko dogo ndani ya friji. Utajuaje, wakati mlango umefungwa? Weka simu ndani ikiwa inarekodi video, funga, hesabu hadi kumi, toa, tazama.

Kuna pia namba za kitufe cha kurekebishia baridi, ambazo zimesababisha ugomvi kwenye nyumba nyingi. Kile cha kuzungusha chenye 1 hadi 7, namba kubwa ni baridi zaidi. Kile cha kisasa kinachoonyesha nyuzi, namba ndogo ndiyo baridi zaidi. Chumba cha chini kinatakiwa kiwe nyuzi 4 au pungufu, cha kugandishia nyuzi 18 chini ya sifuri. Basi.

Sasa niseme juu ya barafu, kwa sababu hapa ndipo mafriji mazima husingiziwa ugonjwa. Mama mmoja wa Chikongola aliniita mara mbili katika wiki moja. Anauza barafu za ubuyu, vifuko 40 vya robo lita, yaani lita 10. Asubuhi anavifunga, jioni anataka viwe mawe. "Fundi, hili friji ulilitengeneza kweli?" Nikamwonyesha kibati kilichobandikwa ndani ya friji lake, pembeni ya droo ya mboga. Pale pameandikwa namba na alama ya kilo kwa saa 24. Lake lilikuwa la kilo 3. Huo ndio uwezo wa kugandisha ambao kiwanda chenyewe kinauahidi kwa siku nzima, na mafriji mengi ya nyumbani yako kati ya kilo 2 na 5. Yeye anadai 10 kwa mchana mmoja, kwenye joto la Januari, huku mlango unafunguliwa kila mtoto anapopita.

Watu hudhani kazi kubwa ni kuyapoza maji. Siyo. Kuipoza lita moja kutoka nyuzi 30 hadi sifuri ni kuondoa kilojuli 126 za joto. Kuyageuza maji hayo hayo, yakiwa tayari sifuri, yawe barafu, ni kuondoa kilojuli 334 zaidi. Ndiyo maana vifuko hufika hatua ya kuwa baridi sana upesi, halafu vinaonekana kama vimegoma. Havijagoma, ndiyo kwanza kazi imeanza. Dawa si gesi. Dawa ni kuweka vichache vichache kuanzia usiku, vikiwa vimepoa tayari kwenye chumba cha chini, na kuviacha nafasi hewa ipite. Au kama biashara imekua, kununua dipu friza lile la kufungulia juu, ambalo baridi yake haimwagiki mlango ukifunguliwa, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na hukaa chini. Na huyo anayerudi Ferry na ndoo ya pweza akaitumbukiza yote kwa pamoja, habari yake ni hiyo hiyo. Sufuria ya mchuzi wa moto vilevile: iache ipoe kwanza, ila isizidi saa mbili mezani.

Kama nyufa ziko sawa, angalia mwenye upo anamwagia wapi maji. Wavu wa nyuma ukifunikwa na vumbi, utando wa buibui na manyoya ya paka, joto halina pa kutokea, gesi inarudi ndani bado ina moto. Chomoa plagi, usugue kwa brashi laini. Acha kiasi cha upana wa kiganja kati ya friji na ukuta. Usiliweke mkabala na jiko la mkaa, wala chini ya dirisha linalopigwa na jua la magharibi. Na kama friji lako halina wavu nyuma, usishtuke ukigusa ubavu ukakuta una moto: kwa mengi ya kisasa mabomba hayo yamefichwa ndani ya kuta za pembeni. Ubavu wa moto ni dalili njema. Cha kutia wasiwasi ni ubavu wa baridi wakati mashine inanguruma.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba, fedha zikaingia na kila nyumba ikataka friji. Mengi yanayonunuliwa wakati huo ni ya mtumba kutoka ng'ambo. Kwenye kile kibati kuna herufi za aina ya hali ya hewa. N maana yake friji limeundwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Friji la N ukilipeleka Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde ambako jioni watu huvaa masweta, litafanya kazi vizuri. Lilete Mtwara mjini au Lindi mjini, kwenye jiko la bati lisilo na dari, Februari saa nane mchana, na utaona kompresa haipumziki na maziwa yanachacha. Hakuna fundi wa kulitibu. Lisogeze penye hewa, au uliza herufi kabla ya kulipa.

Chumvi ya bahari nayo inahesabika. Nyumba za Shangani na Mikindani, zinazopigwa na upepo wa bahari, nyavu zake huota kutu mapema, na kutu ikishafika kwenye bomba ndipo gesi inapopata njia ya kutokea. Kuufuta wavu kila baada ya miezi michache ni kazi ya dakika kumi.

Tuje kwa mwenye upo mwenyewe. Hapa tumia masikio. Kompresa nzima ina mngurumo mdogo wa kuendelea, halafu inapumzika, halafu inaanza tena. Ikiwa unasikia "mmmm" kwa sekunde chache, kisha "tik," kimya cha dakika kadhaa, halafu "mmmm" tena, mashine inajaribu kuamka na inashindwa. Hiyo "tik" ni ovalodi, kifaa kidogo ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme ili isiungue. Chomoa plagi hapo hapo. Kuliacha friji lijaribu usiku kucha ndiko kunakomaliza koili, na kompresa ikiungua bei ya kuibadili inakaribia ya friji la mtumba.

Sababu yake mara nyingi ni umeme mdogo. Vifaa vyetu vimeundwa kwa volti 230. Saa moja usiku, kila nyumba imewasha, volti zinashuka. Feni inazunguka polepole na taa zinafifia, lakini zinavumilia. Kompresa haivumilii, kwa sababu inapoanza inahitaji nguvu kubwa kuliko inapokwenda. Hali huwa mbaya zaidi friji likichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba iliyozunguka nyumba nzima pamoja na pasi. Lipe soketi yake ya ukutani kwanza, ndipo umwite mtu. Kama volti ni nzuri na bado inagonga "tik," hapo ni rilei ya kuwashia, kifaa cha bei ndogo, na fundi mwaminifu ataanza nacho kabla ya kuihukumu kompresa.

Friji gadi na stabilaiza watu huzichanganya. Gadi haiongezi umeme. Inaukata ukiwa mdogo au mkubwa mno, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache, kwa kawaida 3 hadi 5, kabla ya kuruhusu. Kusubiri huko kuna maana: mashine ikizimwa, upande mmoja wa mabomba unabaki na shinikizo kubwa, na ikilazimishwa kuanza papo hapo inasukuma ukuta. Stabilaiza ndiyo inayopandisha volti zilizoshuka. Nimewahi kupanda bodaboda hadi Mikindani, kilomita kama 10, nikakuta friji "lililokufa" lina gadi yenye taa ya kusubiri. Nikaongea na wenyeji kidogo, likawaka lenyewe. Nauli nilijilipia.

Umeme ukikatika kabisa, usifungue mlango kuangalia. Likifungwa, chumba cha chini huhifadhi baridi saa 4 hivi, na friza lililojaa huweza kufika saa 48, lililojaa nusu saa 24. Kwa wanaosafiri kwenda shamba kuna hila nzuri: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache kwenye friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama hadi kitako cha kikombe, kila kitu humo kiliyeyuka na kuganda upya ukiwa haupo. Samaki hao wasahau.

Ukiwa na mita ya LUKU, yenyewe hukupa habari kabla ya ulimi. Kompresa ya wati 120 ikifanya kazi nusu ya siku inakula uniti 1.4 hivi. Isipopumzika inakaribia 2.9. Uniti zikianza kuisha mapema bila sababu, rudi kwenye noti ya elfu moja na brashi.

Limebaki lile la juu linagandisha, chini halipozi. Hapa tofautisha aina. Kwenye mafriji ya nofrosti, yale yasiyoota barafu ukutani, baridi yote inatengenezwa sehemu moja nyuma ya ukuta wa friza, na feni ndogo inaisukuma hadi chini kupitia matundu. Kila baada ya saa kadhaa hita iliyofichwa humo inayeyusha barafu iliyoota. Hita, taima au sensa yake ikifa, barafu inajaa, inaziba njia, juu kunabaki baridi na chini kunakuwa kama kabatini. Gesi haihusiki hata kidogo. Jaribu hivi: toa vyote, chomoa, acha milango wazi saa 24 na matambara chini, kisha washa. Likipoza vizuri wiki moja au mbili halafu likarudia, ugonjwa uko kwenye mfumo wa kuyeyusha, na hilo mwambie fundi akiwa bado mlangoni. Lisipobadilika, sikiliza feni kwa kubonyeza swichi ya mlango kwa kidole. Ikiwa kimya, ndiyo hiyo. Na kabla ya yote, hakikisha si wewe uliyeziba matundu kwa mfuko wa ming'oko.

Sasa gesi. Imepungua kweli pale unapoona haya yakienda pamoja: kompresa inanguruma bila kupumzika, wavu au ubavu hauna joto, na sehemu ya kugandishia imeota barafu kipande kidogo tu, au haikuota kabisa. Hata hapo si hakika. Mrija mwembamba ulioziba hutoa dalili zinazofanana sana, na kompresa iliyochoka pia. Kinachotofautisha ni geji ya shinikizo, si jicho la fundi.

Imetokea wapi? Kwenye mafriji ya kawaida, mshtakiwa wangu wa kwanza ni kisu. Mtu ana haraka ya kung'oa samaki, anachokonoa barafu, na ukuta wa sehemu ya kugandishia ni bati jembamba la alumini lenye njia za gesi ndani yake. Linasikika "psss," basi. Mshtakiwa wa pili ni kutu. Doa la mafuta kwenye bomba ni ushahidi, maana gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa.

Matengenezo ya kweli yana hatua ambazo huwezi kuziruka. Tundu linatafutwa na kuzibwa. Filta inabadilishwa. Hewa na unyevu vinavutwa kwa pampu, nusu saa au zaidi, kwa sababu tone la maji likibaki litaganda kwenye mrija na kuuziba. Ndipo gesi inapimwa kwa mzani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibati, na aina ileile. Lililoandikwa R134a halipewi R600a. Na hiyo R600a iliyo kwenye mafriji mengi mapya ni isobutani, inashika moto, na kiasi chake ni kidogo, mara nyingi gramu 40 hadi 80, hivi kwamba kukosea gramu 10 kunaharibu kazi. Bomba ambalo bado lina gesi hiyo halichomelewi, wala jiko la mkaa haliwi karibu. Kusikia ni jamaa wa gesi ya kupikia kusimpe mtu wazo la kutumia mtungi wa jikoni: ile ina mchanganyiko wenye propani na dawa ya harufu, na shinikizo lake ni jingine.

Kwa hiyo fundi akifika na mtungi wa gesi mkononi, hana geji, hana pampu, hana mzani, mpe chai. Mkimaliza kunywa, mwambie arudi kesho navyo.